Luna ya bingwa na upepo wa Ntyuka

Fundi wa kuchomelea pale Chang'ombe aliigeuza ile ringi ya baiskeli mara mbili, akanitazama, akauliza, "Mkuu, huu mtego wa kuku au wa fisi?" Nilikuwa nimemchorea kwenye karatasi: nguzo ya bomba, juu yake ringi, minyororo inaning'inia kuzunguka nguzo, chini kapu la nondo nyembamba. Nikamwambia ni goli. "Goli la mpira gani?" La kisahani. Alicheka mpaka akavua miwani. Hata hivyo kazi aliifanya, na mtego wake umesimama uani kwangu Ntyuka, Dodoma, mpaka leo, kutu kidogo tu.

Kwa asiyeujua mchezo: ni gofu, ila badala ya fimbo na mpira unarusha kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kapu lenye minyororo. Anayefika kapuni kwa mitupo michache ndiye mshindi. Usikichanganye na kile kisahani kizito cha riadha. Kapu la minyororo lilibuniwa miaka ya 1970 na Mmarekani Ed Headrick, ambaye ndiye aliyeanzisha chama cha wachezaji, PDGA, mwaka 1976. Mimi niliupata mchezo huu kwa mgeni mmoja niliyefanya naye kazi ya upimaji ardhi. Mkataba wake ulipoisha akaniachia begi lenye visahani tisa, akapanda ndege.

Leo nataka kuzungumzia kisahani kimoja tu, kile cha mtupo wa mwisho, ambacho hapa kwetu tunakiita kimalizio. Waingereza jina lao ukilisikia haraka ni kama "pata". Watoto wa jirani waliliokota kwenye video zangu, wakauita mchezo mzima patapotea. Sikuwalaumu, maana siku zile nilikuwa napotea zaidi ya ninavyopata.

Kosa langu lilianzia kwenye simu. Nilikuwa naangalia mashindano usiku mpaka bando linakata, na kila Paul McBeth akinyoosha mkono, minyororo inalia. Huyu ni bingwa wa dunia mara sita: 2012 hadi 2015 mfululizo, kisha 2019 na 2022. Mwaka 2021 kampuni ya Discraft ilimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 10 za Marekani. Kimalizio chake kinaitwa Luna. Nikajiambia, kama Luna inamlisha bwana huyu, mimi itanishindaje? Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Marekani masomoni, nikamwagiza. Akaniletea moja, plastiki ngumu inayong'aa, rangi ya zabibu zilizoiva. Niliiweka mezani siku mbili naitazama tu.

Jioni ya tatu nikatoka nayo uani. Mita tano kutoka kapuni, umbali ambao mtoto anafunga. Vidole vilikuwa na jasho, ikaniteleza kidogo, ikagonga mnyororo kwa kishindo kama sahani ya bati, ikatemwa. Ingekuwa imelala pale chini ningesema bahati mbaya. Ilisimama kwa ubavu, ikaanza kubingirika mteremkoni, ikavuka njia ya mbuzi, ikazama korongoni. Niliifuata kwa kandambili katikati ya mbigili. Nilirudi nayo gizani, nyayo zinawaka.

Nilikaa miezi karibu mitatu nikidhani tatizo ni mimi. Kwa sehemu kubwa ni kweli, tatizo nilikuwa mimi, lakini si lote. Kuna mambo ambayo video hazikuonyeshi.

La kwanza, mchezaji wa kulipwa anachagua kwenye rafu ya anayemlipa. McBeth alitwaa mataji yake manne ya mwanzo akiwa na kampuni ya Innova, akimalizia kwa visahani vya Innova. Akahamia Discraft, akabadili kimalizio, na mwaka huohuo wa 2019 akawa bingwa tena. Kampuni ilibadilika na plastiki ikabadilika, mkono ukabaki uleule. Niliposhika hilo nilijisikia mjinga kwa zile siku mbili nilizokaa naitazama Luna mezani.

Hapo sisemi kwamba vimalizio vyote ni sawa. Mabingwa ndani ya rafu hiyohiyo wana uchaguzi wa kukera, kama mama anayebonyeza nyanya moja moja soko la Majengo. Ken Climo, aliyekuwa bingwa wa dunia mara 12, tisa kati ya hizo mfululizo kuanzia 1990 hadi 1998, jina lake limebaki kwenye Aviar, kimalizio cha Innova. Herufi KC unazoziona kwenye baadhi ya Aviar ni zake. Ukiitazama Aviar haina urembo wowote. Inakwenda polepole, inanyooka, mwishoni inashuka ikiinamia kushoto kidogo kwa anayetumia mkono wa kulia. Imeandikwa 2, 3, 0, 1: kasi, kuelea, kugeuka mwanzoni, na kukata mwishoni. Luna inakata mwishoni zaidi ya hapo. Kwa mtu mwenye mtupo wenye nguvu kama McBeth hilo ni faida, lakini kwangu mimi niliyekuwa narusha kwa woga, ilikuwa inakata kabla haijafika.

La pili ni plastiki, na hili ndilo lililonichekesha. Wachezaji wengi wanaolipwa fedha nyingi kuliko wote, wakifika karibu na kapu wanatoa kisahani cha plastiki ya bei ya chini kabisa. Ile plastiki ya kawaida, isiyong'aa, ina mshiko kwenye vidole na ikigusa mnyororo inanata badala ya kuruka. Inachakaa haraka, ndiyo, lakini kimalizio hakigongi miti sana, kwa hiyo kinadumu. Plastiki ngumu ya bei wanaiweka kwa mitupo mirefu, kule inakopigana na magogo. Mimi nilikuwa nimelipia zaidi ili nipate kitu kisichofaa kazi niliyokitakia.

Ila kwa Dodoma jihadhari na iliyo laini kupita kiasi. Begi la yule mgeni lilikuwa na kimoja laini kama ndala mpya. Oktoba moja nilikiacha juu ya dashibodi tukiwa saiti Ihumwa. Niliporudi saa nane mchana kilikuwa kimejikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Nilikitia kwenye maji ya moto, nikakilaza juu ya kigae na kukikandamiza kwa matofali usiku kucha, kikanyooka nusu, kikawa kinaruka kama kimelewa. Chukua plastiki ya kawaida yenye ugumu wa kati, na ukiegesha gari, begi liwe chini ya kiti.

Sasa mkono wenyewe. Pindua kisahani uangalie chini ya ukingo. Vingine vina kauvimbe kadogo kanakozunguka, mimi nakaita ushanga, na vingine vimelainishwa kabisa. Kuna mabingwa wa upande huu na wa ule, usipoteze usiku wako kubishana. Kuna pia kina cha ukingo. Mimi nina vidole vifupi, vya baba yangu, na ukingo mrefu unanifanya nikishike kisahani kama nashika sufuria ya moto. Fumba macho, kishike, kiachie, kishike tena mara ishirini. Kama kila mara vidole vinakaa palepale bila kutafuta, hicho ni chako, hata kama hakuna bingwa anayekitumia.

Uzito: sheria za PDGA zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Kimalizio cha sentimita 21 hakiwezi kuzidi gramu 174 na kidogo. Kwa hapa kwetu nunua kilicho karibu na kikomo hicho. Vyepesi ni raha siku tulivu, na siku tulivu Dodoma unazihesabu.

Upepo, jamani. Wa kuanzia Julai mpaka Oktoba unaokupa vumbi kwenye chai. Niliuelewa kwa bibi mmoja jirani yangu, Mgogo wa hapahapa, asiyejua kitu kuhusu mchezo huu na aliyewahi kuniuliza kwa upole kama anaweza kupata kimoja cha kufunikia chungu. Asubuhi hiyo alikuwa anapepeta uwele nje ya nyumba yake, mimi narusha uani, na kila nikirusha kuelekea upepo kisahani kinapanda juu ya kapu na kuondoka zake. Nikampigia mbukwa, akaitika, akaendelea kunitazama. Mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, unainua mdomo." Nikamwuliza mdomo wa nini, Bibi. Akaushika ungo mbele yangu. Akauinamisha mbele kidogo, upepo ukapita juu, ungo ukatulia mikononi. Kisha akauinua ule upande unaotazama upepo, kidole kimoja tu, na ungo ukataka kumtoka. "Umeona? Ukiinua mdomo, upepo unaingia tumboni."

Hilo ndilo somo zima la kumalizia ukielekea upepo, na walimu wa mtandaoni walichukua dakika arobaini kulisema. Ukingo wa mbele usiinuke. Lenga minyororo ya chini, rusha kwa mzunguko zaidi, usibembeleze. Ukiwa na upepo mgongoni ni kinyume chake, kisahani kinakandamizwa chini, kwa hiyo lenga juu. Na ukiona kisulisuli kinakuja na mifuko ya nailoni angani, simama. Sheria inakupa sekunde 30, na kwenye mazoezi ya uani hakuna anayekuhesabia.

Kuna siku pia za kutofunga kabisa. Mita 12, upepo usoni, nyuma ya kapu mteremko wa kwenda korongoni: kiweke chini ya kapu, umalize kwa mtupo unaofuata. Mabingwa wanafanya hivyo na hakuna anayewazomea. Mimi kiburi kilinigharimu mbigili nyingi kabla sijakubali.

Jambo ambalo ningetamani niliambiwe mwanzo ni kununua vitatu. Vitatu vinavyofanana: jina moja, plastiki moja, uzito ukipishana gramu moja iwe mwisho. Chungulia begi la mchezaji wa kulipwa, utakuta kimalizio chake kimejirudia, kimoja kimechakaa, kingine bado kipya. Ukiwa na kimoja, unarusha, unatembea, unaokota, unarudi, na kumbukumbu ya mkono imeshapotea njiani. Ukiwa na vitatu, cha kwanza kinakosea, cha pili kinasahihisha, cha tatu kinathibitisha. Niliuza visahani vinne vya kasi vya lile begi, ambavyo sikuwa na nguvu za kuvirusha, nikaagiza Aviar tatu za plastiki ya kawaida.

Kwa kuwa utepe wa kupimia ni chombo changu cha kazi, nilichora duara la mita 10 kuzunguka kapu kwa mawe meupe. Huo ndio mpaka wa kisheria: ndani yake, ukishaachia kisahani, huruhusiwi kusogea mbele mpaka uonyeshe umesimama imara nyuma ya alama yako. Mwanzoni usilitamani duara. Anza mita nne, kisha tano. Nilikuwa na daftari. Wiki ya kwanza na zile Aviar, mitupo 50 kwa mita tano, nilifunga 22. Miezi miwili baadaye, 41. Sikuwa nimebadilisha chochote zaidi ya kuacha kubadilisha.

Na kimalizio si cha karibu tu. Mwaka 2021, fainali ya ubingwa wa dunia kule Ogden, Utah, James Conrad alifika kapu la mwisho akiwa anahitaji kutumbukiza kutoka mita kama 75 ili amfikie aliyekuwa anaongoza. Alitoa kimalizio, Envy ya Axiom, akakirusha, kikaingia moja kwa moja. Wakaenda kwenye kapu la kuamulia, akashinda. Aliyekuwa anaongoza ni McBeth mwenyewe, mwenye Luna.

Baada ya kuiangalia video hiyo nadhani mara thelathini, niliitoa Luna yangu kabatini. Sikuipeleka kapuni. Nilisimama chini ya mbuyu ulioko ng'ambo ya njia ya mbuzi, mita hamsini na tano kwa utepe, nikairusha kwa nguvu zangu zote. Ikanyooka juu ya vichaka, ikakata kushoto mwishoni kama ilivyoumbwa, ikalala hatua tatu kutoka kapuni. Ile plastiki ngumu iligonga jiwe na haikupata hata alama. Tangu hapo ndiyo kazi yake, na kile kilichojikunja Ihumwa nilimpa Bibi. Kwa kufunikia chungu hakikufaa, kimepinda mno, lakini vifaranga wake wanakinywea maji.