Barua kwa mwanangu: Siku tatu za Roma na hizo safari za pembeni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla tiketi hazijakatwa. Unasema mtafika Roma Alhamisi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Mwenzako ameshapanga Ijumaa mwende Florence, Jumamosi magofu ya Pompeii karibu na Naples, kisha Jumapili ndiyo muizunguke Roma. Swali lako ni moja: “Mama, twende huko kote au tutulie mjini?”

Florence achaneni nayo. Pompeii inategemea jambo ambalo wewe peke yako ndiye unayeweza kulijibu, nitakufikisha hapo. Na kama hamu ya kutoka nje ya mji haitulii, kuna mahali pa tatu ambapo hamkupataja, na mimi ndipo napapigia debe.

Tuanze na hiyo Jumapili yenu. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni yake inazunguka ukuta. Kwa hiyo mpango wa mwenzako, ulivyokaa, unawatoa Roma bila kukanyaga kile kikanisa cha Sistine kilicho humo ndani. Kanisa la Mtakatifu Petro lenyewe liko wazi Jumapili, lakini siku hiyo kuna misa, na saa sita mchana uwanja hujaa watu wanaomsubiri Papa dirishani. Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, nayo tiketi zake zina jina na saa ya kuingia, na huisha mapema. Hebu nielezeni, hiyo Roma mtakayoizunguka ni ipi? Mtapita nje ya majengo mkipiga picha, basi.

Watu wakipanga safari fupi huhesabu siku. Wewe hesabu saa. Kwa siku, mgeni mjini ana saa kama kumi tu ambazo miguu bado inakubali na macho bado yana hamu. Sasa chukua Pompeii uitoe humo. Mnatoka hotelini saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili muwahi treni Termini, stesheni kuu ya Roma. Treni ya mwendo kasi mpaka Naples ni saa moja na dakika kumi hivi, hapo hakuna neno. Mkishuka, mnateremka chini kwenye stesheni ya Garibaldi kutafuta treni ya Circumvesuviana, ambayo ni ya watu wa kawaida wa huko: imejaa, ina joto, mara nyingi mnasimama, na mkoba unaushika mbele ya tumbo. Hiyo ni dakika thelathini na tano, arobaini, mpaka Pompei Scavi. Ongeza kusubiri, ongeza kupotea kidogo, ongeza foleni ya langoni. Kutoka mlango wa hoteli mpaka lango la magofu ni kama saa tatu, na kurudi vilevile. Saa sita za njia kwa saa nne za kutembea, tena kutembea juani, maana kivuli huko ni cha kutafuta, na mawe ya barabara hayako sawa.

Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Pompeii ni Pompeii. Mji mzima ulifukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, na sehemu iliyokwisha kufukuliwa ni kubwa kiasi kwamba hata siku nzima haiimalizi. Utaona alama za magurudumu ya mikokoteni zimechimbika kwenye mawe ya barabara, na mawe marefu ya kuvukia ili mtu asikanyage maji machafu. Lakini kuna jambo ambalo wanaouza safari za siku moja hawalisemi kwa sauti: michoro na vigae vizuri zaidi vilivyotolewa Pompeii, pamoja na ule mchoro mkubwa wa vigae wa Aleksanda Mkuu akipigana na Dario, mfalme wa Uajemi, viko kwenye Makumbusho ya Akiolojia ya Naples. Ukienda magofuni na kurudi Roma jioni, umeona nyumba, hukuona mapambo yake. Mahali pa namna hiyo panataka ulale Naples walau usiku mmoja.

Kwa hiyo jiulize hivi: kama usingekuwa na safari ya Roma hata kidogo, ungeomba likizo kazini uende Pompeii tu? Wewe tangu ukiwa mdogo ulikuwa unachora milima inayotapika moto kwenye majalada ya madaftari, na walimu wakakuandikia kwa wino mwekundu. Kama mtoto huyo bado yuko ndani yako, nenda, wala usimsikilize mtu. Roma itapungua siku moja, na utakuwa umeipunguza kwa jambo unalolitaka kweli. Ila kama umetaka Pompeii kwa sababu kila anayekwenda Italia anarudi na picha yake, hiyo si sababu ya kukaa saa sita njiani.

Ukiamua kwenda, nenda Jumamosi. Ijumaa bado mwili una uchovu wa ndege, na Jumapili ni mkesha wa kuondoka. Treni ikikwama Naples Jumapili usiku, ndege ya alfajiri haitawasubiri. Kata tiketi ya magofu mapema, maana tangu Novemba 2024 wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku na tiketi inaandikwa jina, kwa hiyo pasipoti uwe nayo. Treni ya kurudi msikate ile ya mwisho. Tiketi za bei ya chini za treni za mwendo kasi zimefungwa kwenye treni hiyo moja, ukiikosa umeipoteza, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya kutoka magofuni na kupanda Naples. Na asikudanganye mtu kuongeza kupanda mlima wenyewe siku hiyohiyo. Kabla ya kulipa chochote, angalieni pia kama kuna mgomo wa treni uliotangazwa. Italia migomo hutangazwa mapema, na anayeshtuka asubuhi ni yule ambaye hakuangalia.

Au angalieni kama mnaweza kuruka kurudi kutoka Naples badala ya Roma. Mkipata, mambo yamebadilika kabisa: Jumamosi mnahama na mizigo yenu, mnalala huko, na hakuna tena kwenda na kurudi. Watu wengi hawalifikirii hili kwa sababu tiketi ya kwenda na kurudi mji uleule ndiyo inayotokea ya kwanza kwenye simu.

Florence sasa. Kwa njia, kwenda Florence ni rahisi kuliko Pompeii: saa moja na nusu hivi kwa treni, unashuka stesheni ya Santa Maria Novella, unatembea kidogo tu na kuba la Brunelleschi, la kanisa kuu, liko mbele yako. Urahisi huo ndio mtego. Florence ni mji mzima kama Roma ulivyo mji mzima. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo ina tiketi yake ya saa maalumu, makumbusho ya Uffizi yana yake, kupanda kuba nako ni ngazi 463 na saa yake. Mtakimbizana na saa za watu mchana kutwa. Kuiacha Roma mkiwa hamjaionja ili mkaione Florence kwa haraka ni kama kutoka harusini kabla bibi harusi hajatokeza, ili uwahi harusi nyingine utakayoikuta inakunja viti. Florence iwekeeni safari yake.

Na Roma yenyewe mnaidharau. Ipo siku ya Roma isiyo na foleni wala tiketi, na ndiyo ambayo safari za pembeni huimeza kwanza, kwa kuwa haina jina kwenye ratiba. Karibu na Piazza Navona kuna kanisa la San Luigi dei Francesi. Kuingia ni bure. Nenda mpaka kikanisa cha mwisho upande wa kushoto, kuna giza na watu wachache wamesimama wakinong’ona. Mtu anatumbukiza sarafu kwenye kisanduku, taa inawaka, na hapo unamwona Mathayo aliyechorwa na Caravaggio amekaa mezani na wenzake, wengine bado macho yao yako kwenye fedha, na mwanga unaingia kutoka kulia juu ya mkono wa Yesu unaomnyooshea. Taa inazima. Mnasubiri mwingine atoe sarafu. Mimi nilikaa pale mpaka baba yako akaanza kukohoa kikohozi chake cha “twende sasa”. Kisha mnatembea dakika chache mnafika Pantheon, hekalu la kale la Warumi, ambayo siku hizi ina tiketi yake. Mkibahatika mvua inanyesha, mtaona maji yakishuka moja kwa moja kupitia lile tundu la paa na kuingia kwenye vitundu vya sakafu, kama yanavyofanya tangu enzi za mfalme Hadrian. Mambo kama hayo hayataki mbio. Makanisa mengi hufungwa saa za mchana, kwa hiyo mtu mwenye nusu siku tu huyakuta na kufuli.

Nilisema kuna mahali pa tatu. Ni Ostia Antica, iliyokuwa bandari ya Roma ya kale. Mnakwenda kwa metro mpaka stesheni ya Piramide, mnatoka nje kidogo mtaona kweli piramidi imesimama pale, kaburi la bwana mmoja aliyeitwa Cestius. Jirani yake ndipo inapoanzia treni ya kwenda baharini. Tiketi ni ileile ya kawaida ya usafiri wa mjini, hakuna kiti cha kuhifadhi, ikiwapita mnasubiri nyingine. Nusu saa hivi mmefika, mnavuka daraja la miguu juu ya barabara kuu, na lango liko mbele. Hufungwa Jumatatu, lakini Jumapili liko wazi. Siku ambayo Vatican imefunga, Ostia imefungua.

Si Pompeii. Haikufa kwa siku moja. Ilipungua taratibu, mto ukaleta mchanga, bandari ikahama, watu wakaondoka. Lakini mtaa wa mji wa kale utauona: nyumba za ghorofa za matofali, vyoo vya umma ambapo watu walikaa bega kwa bega kwenye benchi la marumaru, na baa yenye kaunta ya mawe na picha za vyakula zilizochorwa ukutani, mithili ya zile tunazoziona ukutani leo. Usiikose Piazzale delle Corporazioni, nyuma ya ukumbi wa michezo. Ni uwanja uliozungukwa na ofisi za wafanyabiashara, na mbele ya kila ofisi kuna vigae sakafuni vinavyosema wao ni nani. Meli, mnara wa taa, vipimo vya nafaka. Tafuta chini penye tembo. Hiyo ilikuwa ofisi ya watu wa Sabratha, mji ulioko Libya ya leo, na hapo karibu walikuwapo wenye meli wa Carthage, Tunisia ya leo. Nafaka iliyolisha Roma ilitoka kwa wingi Misri na Afrika Kaskazini, na wenye shughuli hiyo walikuwa na kizingiti chao pale. Ukiinama utaona vijiwe vidogo vyeusi na vyeupe, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole, na ndivyo vilivyofanya mkonga wa yule tembo.

Mkitoka asubuhi, alasiri mmesharudi mjini na jioni bado ni yenu. Kwangu safari ya pembeni inayostahili kuingia kwenye siku tatu ni ya aina hiyo: njia fupi, tiketi isiyo na masharti, na mkiamka mvua inamwagika mnaweza kuiacha bila hasara. Miji mingine inayo pia. Ukiwa Lisbon, Sintra iko dakika arobaini kwa treni kutoka Rossio. Kutoka Madrid, Toledo ni kama nusu saa kwa treni ya mwendo kasi. Paris wana Versailles, ila hufungwa Jumatatu, na Louvre hufungwa Jumanne, kwa hiyo hapo ni kupanga siku tu. Stonehenge kutoka London ni mambo mengine: treni saa moja na nusu mpaka Salisbury, halafu basi. Na siku utakayokwenda Dubrovnik, Croatia, ukatamani kuvuka kwenda Mostar, Bosnia, angalia viza kwanza. Bosnia haimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Croatia imo, na mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka ndiyo basi, kurudi hawezi.

Mabasi ya watalii ya kwenda Pompeii na kurudi sina mengi ya kuyasema. Yanafaa kwa anayeogopa kubadilisha treni. Mtakwenda kwa saa ya dereva na kusimama dukani anapotaka yeye.

Kuhusu mwenzako: kama yeye moyo wake uko Florence, mwache aende. Hamkufungwa kamba. Mpange mahali pa kukutana jioni, kila mtu asimulie yake. Ila zungumzeni sasa, msingoje Ijumaa asubuhi mkiwa mmesimama Termini.

Ningekuwa wewe, Ijumaa ningeipa Vatican asubuhi, alasiri nivuke mto kwenda San Luigi na Pantheon. Jumamosi Colosseum na Forum, au Pompeii kama jibu la lile swali ni ndiyo. Jumapili Ostia mpaka mchana, jioni kufunga mizigo. Tiketi ya kwanza kukata ni ya Vatican ya hiyo Ijumaa asubuhi, maana saa nzuri huchukuliwa na watu wiki nyingi kabla. Ukishaipata nitumie tarehe zenu, nitaangalia kama Jumapili hiyo ni ya kwanza ya mwezi. Ikiwa ndiyo, Ostia mtaingia bure, ila muwahi kufika.

Baba yako anakusalimu. Anasema viatu vipya usivizindulie huko.

Mama yako