Usiwekewe sponji laini kama unaenda Songea

Mkuu, hiyo pikipiki yako ya Boxer usiipeleke kwa fundi makochi kesho. Unasema unatoka Mtwara kwenda Songea, siti inakuumiza, na fundi amekuahidi kukuongezea sponji laini inchi mbili. Ukauliza pia kuhusu kava na keria ya mizigo. Hayo mengine yasubiri. Hiyo sponji laini ndiyo itakayokumaliza.

Mimi niliwekewa hiyo hiyo hapa hapa mjini. Fundi aliibonyeza kwa kidole gumba akaniambia, "Ona bosi, godoro la hoteli hili." Mpaka Mikindani raha tupu. Kufika Mingoyo nimeshaanza kujisogeza huku na huku. Nyangao naendesha nimeinuka, makalio hayagusi siti. Ndanda nikashuka, mguu wa kulia umekufa ganzi mpaka vidoleni, nikabaki nimeishikilia pikipiki. Nilipoibonyeza siti kwa ngumi, pale katikati sponji ilikuwa imelala kabisa na plastiki ya chini naigusa waziwazi. Na Masasi bado sijafika!

Sikiliza inavyokuwa. Ukikaa, uzito unashukia kwenye mifupa miwili ya makalio. Sponji laini inazama, mifupa inakwenda kugota kwenye plastiki, na nyama za mapajani na za katikati nazo zinabanwa. Damu haipiti vizuri, neva zinagandamizwa, ganzi inaanza. Sponji ngumu haizami ovyo, kwa hiyo uzito unasambaa. Dakika za mwanzo utaiona kama inakuonea. Vumilia, faida yake utaiona ukishaipita Mtama.

Nilivyorudi kulalamika, fundi akasema sponji "haijazoea", niipe muda. Izoee nini? Sponji laini kadiri unavyoikalia ndivyo inavyozidi kulala! Halafu akataka hela nyingine aongeze inchi moja juu. Siti yenyewe alishaichonga mviringo, nimekaa kama juu ya mgongo wa samaki, na miguu ilishaanza kunipa shida kufika chini nikisimama kwenye mchanga. Watu hawa wanauza ulaini kwa sababu mteja anabonyeza kwa kidole, anatabasamu, analipa. Safari ya kutwa nzima hawaijui, na hela yako wameshakula. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mkuu, usimalizie malipo kabla hujakaa juu ya hiyo siti saa nzima, barabarani, pikipiki inatembea. Kuikalia kwenye kibaraza cha fundi hakuhesabiki. Mwambie aweke sponji ngumu chini, juu yake laini nyembamba tu, sehemu ya kukalia iwe pana na bapa, isiinamie mbele kukusukuma kwenye tangi. Avalishe kava la zamani kwa muda, uende nayo mpaka Mingoyo na kurudi. Makalio yakianza kuwaka njiani, irudi mezani. Akikataa, tafuta fundi mwingine. Songea ni zaidi ya kilomita 600, na ukishaiacha Masasi, ukiumia kati ya hapo na Tunduru utaumia mwenyewe.

Kama umeshampa advansi, mpigie leo abadilishe sponji kabla hajakata kava jipya. Likishashonwa atakudai upya.