Laptopu inazima kila saa, nifanyeje?

Swali: Shikamoo fundi, laptopu yangu ya Windows 10 inaleta skrini ya bluu inajiwasha upya hata mara 5 kwa siku, ilianza nilipoongeza antivairasi ya pili. Msomaji, Majengo, Moshi.

Jibu: Marahaba, pole sana aisee. Shida ni hizo antivairasi mbili, zote zinakaa ndani kabisa ya mfumo na kila faili unalofungua zinaligombania kulikagua, zikigongana Windows inaanguka. Washa kwa sefu modi (Windows inawaka na vitu vya lazima tu), toa moja kwa programu ya kufutia ya kampuni iliyoitengeneza, maana kufuta kwa kawaida mara nyingi kunaacha mabaki ya draiva, yaani vile vijiprogramu vyake vinavyokaa ndani ya mfumo. Defenda, ile antivairasi inayokuja na Windows, hujizima yenyewe ukiweka nyingine, hiyo iache. Na nakuomba, asikupigie mtu Windows upya kabla hujahamisha mafaili yako!