Mkono kwenye kitasa cha mlango

Mwanangu,

Ujumbe wako tumeupata, mama yako anauliza kwanza kama unakula vizuri. Umeniuliza, baada ya kusoma habari za yule dereva Johnson Beharry, kwamba ushujaa wa namna ile mtu anafundishwa jeshini au anazaliwa nao. Halafu huko chini kabisa umechomeka kwamba fomu za jeshi la huko Uingereza umeshachukua na ungependa kuomba udereva. Fomu tuziache kwanza.

Habari yake nimeisoma mara tatu, dada yako alinikuzia maandishi kwenye simu. Kijana wa Grenada, mtu wa Jumuiya ya Madola kama sisi, kaingia jeshi la Uingereza mwaka 2001, miaka mitatu baadaye yuko Iraq, mji wa Al Amarah, anaendesha gari la deraya linaitwa Warrior, tani kama 25. Tarehe 1 Mei 2004 wanakwenda kuwatoa wenzao waliobanwa, wanaingia kwenye mtego, maroketi yanalipiga gari, kamanda wake kapoteza fahamu, wengine nyuma wamejeruhiwa, redio imekufa, moshi umejaa ndani. Sasa hapo ndo mi nilisimama kusoma. Yaani dereva yuko peke yake kule mbele, anaita hajibiwi, hajui nyuma yake amebeba watu au amebeba maiti. Na bado anaendesha. Periskopu, kile kioo chake cha kuchungulia nje, ikavunjwa, ikabidi aendeshe na mfuniko wazi, kichwa kiko nje, mita 1,500 risasi zinapita, magari mengine matano yanamfuata yeye. Risasi moja ilitoboa helmeti ikabaki imekwama humo humo ndani. Alipofika akapanda juu akamtoa kamanda, akarudi akamtoa mwingine, akarudi tena.

Unajua neno langu, umelisikia tangu unakaa juu ya boneti unanipasia spana: mwenye usukani anashuka wa mwisho. Wewe na dada yako mlikuwa mnalisema pamoja na mimi kabla sijamaliza.

Sasa swali lako. Mi naona la kuzaliwa au kufundishwa siyo penyewe. Penyewe ni mkono. Mkono unafanya nini ile sekunde ambayo kichwa bado hakijaambiwa kitu.

Ile siku ya mlima Kitonga, kule Iringa, unaijua, mguu wa baba mdogo wako umeuona maisha yako yote. Lakini unaijua kama tunavyoisimulia sikukuu. 1994, tumetoka Dar na mbolea ya tajiri, mimi usukani, baba mdogo wako utingo, ana miaka 19, na Ruaha Mbuyuni tulimpa lifti yule mama wa vitunguu na mtoto wake, wamekaa kati. Kwenye kona za juu gia ikakataa kuingia, gari likazima, likaanza kurudi nyuma. Breki nakanyaga inazama tu, hendibreki ilikuwa ya jina. Baba mdogo wako akaruka na gogo lake kwenda kuzuia tairi, kama tulivyokuwa tunafanya siku zote. Mimi nikafungua mlango.

Hicho ndo kipande ambacho hatusimulii. Nilifungua mlango, mguu wa kulia ukawa tayari uko kwenye ngazi. Mkono wa kushoto bado umeshika usukani, wa kulia umeshika kitasa, kitasa kile kilikuwa kimefungwa mpira wa tyubu kwa sababu kilikuwa kinachoma jua likiwa kali, mpaka leo naujua ulivyokuwa unanata. Mtoto wa yule mama alikuwa ananiangalia. Hakulia. Ananiangalia tu.

Gogo lilikuwa limeteleza mara ya kwanza. Baba mdogo wako angeweza kuliacha, lakini aliona mlango wangu uko wazi, akadhani natoka, akaona basi wale wawili wamebaki hawana mtu, akarudi kuliweka mara ya pili. Hapo tairi likampata mguu. Mimi nikakata usukani, gari likaegemea mwamba likasimama. Yule mama akashuka na mtoto wake hana hata mchubuko.

Hospitali Iringa aliniuliza mara moja tu: "Kaka, ulikuwa unatoka?" Nikamwambia nilikuwa naangalia nyuma. Na ni kweli kioo cha upande wangu kilikuwa kimevunjika Chalinze, bila kufungua mlango nisingeona nyuma, na nisingeona nyuma nisingeupata ule mwamba. Kwa hiyo nilikuwa naangalia nyuma. Lakini mtu anayeangalia nyuma anatoa kichwa mwanangu, mguu anautoa wa nini? Miaka thelathini najiuliza. Kuna siku naamka nina uhakika nilibaki, maana si nilibaki kweli? Siku nyingine namwona yule mtoto.

Ndo maana ya Beharry iliyonikaa siyo ile ya Mei, ni ile ya tarehe 11 Juni. Roketi imepasuka inchi 6 kutoka kichwani kwake, damu imejaa machoni, kamanda kaumia tena, na yule kijana akaweka rivasi. Akalirudisha gari kinyumenyume mpaka likatoka kwenye mtego, likagonga ukuta likasimama, ndipo akazimia. Mwaka 2005 Malkia akamvisha Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, na anastahili. Kurudi nyuma huoni kitu nakujua. Mkono wa yule haukutafuta mlango. Amefundishwa? Amezaliwa nao? Ningemuuliza mwenyewe nadhani hata yeye angeangalia mikono yake tu.

Kuhusu fomu. Mama yako anataka niandike usijaze, na mimi nimeandika neno hilo mara mbili nikafuta. Una miaka 26, Beharry kule Iraq alikuwa na 24. Nikisema usiende nitakuwa nasema kwa sababu ya mguu wa ndugu yangu, nikisema nenda nitakuwa nakutuma wewe ukanijibie swali langu mimi. Ningependa sana kusema, ulimi unaniwasha. Sisemi. Ila ukijaza, na wakikupa gari, mwenye usukani anashuka wa mwisho, hilo nalisema hata kama mi mwenyewe sina hakika nalo.

Baba mdogo wako anakuja Jumapili kusaidia kupandisha bati la jikoni. Barua hii usimtumie kwanza. Nataka nimwambie habari ya mguu kwenye ngazi nikiwa nimekaa naye.

Baba yako,
Makambako