Cheti changu cha DBS hakijafika miaka miwili. Kwa nini niombe kingine?

Swali: Nilikuja Uingereza kutoka Nakuru mwaka 2023 na nikaajiriwa kwenye makao ya wazee mjini Leicester. Cheti changu cha DBS (idara ya serikali ya Uingereza inayokagua rekodi za uhalifu za wafanyakazi), cha ukaguzi wa ngazi ya juu, kilitoka bila dosari. Sasa wakala wa ajira anataka kunipeleka kwenye nyumba ya watoto wenye ulemavu. Anasema cheti hicho kimeisha muda, niombe kingine na pia nilete cheti cha tabia njema cha Kenya. Je, ni lazima?

Jibu: Dada, wakala yuko sahihi kukuomba vyote viwili, ila sababu aliyokupa si yenyewe. Cheti cha DBS hakina tarehe ya kuisha. Kinaonyesha yaliyojulikana siku kilipotolewa, na kila mwajiri huamua kama bado kinamtosha.

Kinachokukwamisha ni kundi la watu unaowahudumia. Kitazame cheti chako: kama kiliombwa kwa kazi ya watu wazima peke yake, basi iliyoangaliwa ni orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi na watu wazima. Orodha ya watoto ni nyingine, na hakuna aliyeangalia kama jina lako limo. Mwajiri makini hawezi kukuacha na watoto hao hata usiku mmoja kabla ya kuiangalia. Aliyepigwa marufuku akifanya kazi hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 5, na mwajiri aliyemweka huku akijua ana kosa pia.

Kwa kazi ya kuajiriwa kama yako, huwezi kuomba ukaguzi wa ngazi ya juu mwenyewe. Peke yako ungeweza kuomba ule wa msingi tu. Wakala ndiye atakayefungua ombi. Desemba 2024 ada ya serikali ilipanda kutoka pauni 38 hadi 49.50, na kampuni inayopitisha ombi huongeza gharama zake, kwa hiyo uliza mapema nani analipa. Ikiwa kweli utahudumia watoto na watu wazima, mwambie ataje makundi yote mawili kwenye ombi hilohilo.

Maombi mengi hukwama kwenye anwani. Zinatakiwa za miaka 5 mfululizo bila pengo hata la wiki chache, na kwa kuwa ulikuja 2023, Nakuru lazima iwemo. Andika majina yote uliyowahi kutumia, hata la kabla ya ndoa, na yalingane na pasipoti herufi kwa herufi. Taarifa ya benki ya kuthibitisha anwani isizidi miezi 3.

Cheti kikitoka, jiandikishe Update Service, huduma ya DBS inayowawezesha waajiri kuhakiki cheti chako mtandaoni, ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyochapwa juu yake. Tarehe ya bahasha kukufikia haihesabiwi. Siku hizo zikipita, mlango umefungwa hadi ukaguzi mwingine, na ndiyo maana cheti chako cha Leicester hakiwezi tena kuingizwa. Ada ni pauni 16 kwa mwaka. Kwa idhini yako, mwajiri mwingine ataangalia mtandaoni bila malipo kama pana jipya, mradi kazi yake ni ya ngazi ileile na kundi lilelile. Atataka kuona karatasi yenyewe, kwa hiyo itunze: DBS hutuma moja tu, kwako wewe.

Kuhusu Kenya, DBS haifiki kwenye kumbukumbu za polisi wa huko. Miaka yako ya utu uzima hadi 2023 haionekani kwenye cheti cha Uingereza, na hilo pengo ndilo wakala anataka kuliziba. Omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, chapa fomu C24 ya alama za vidole pande mbili za karatasi moja, kisha alama za vidole vyote kumi zichukuliwe na mtu mwenye ujuzi, kwa wino. Alama zilizofifia au kupakazika hukataliwa, na kuituma fomu upya kwa DCI, idara ya upelelezi ya polisi wa Kenya, Nairobi kutoka Leicester kunakula majuma. Anza na cheti hicho cha Kenya leo, kabla wakala hajafungua ombi la DBS.