Huyu farasi wa dhahabu ni wa kweli?

Swali: Mhariri, kuna picha ya farasi anang'aa utadhani kapakwa dhahabu, wanasema wa jangwani. Ni kweli au picha imechezewa tu?

Jibu: Ni kweli kabisa ndugu yangu, huyo anaitwa Akhal-Teke, kwao Turkmenistan, pembeni ya jangwa la Karakum, na kule wanampenda mpaka wamemweka kwenye nembo ya taifa. Kung'aa kunatokana na unywele wenyewe, kiini chake ni chembamba sana au hakipo, sasa mwanga ukipita unapinda na kurudi unametameta. Si wote wa dhahabu lakini, weusi wapo pia.

Umbo lake jembamba, shingo ndefu, manyoya ya shingoni machache mno, mwingine hana kabisa (mimi kwa kweli naona anafanana na mbwa wa mbio). Ila usimdharau! Mwaka 1935 wapanda farasi walitoka Ashgabat kule Turkmenistan mpaka Moscow, kama kilomita 4,300 kwa siku 84, jangwani siku tatu karibu bila maji. Na Absent, farasi mweusi wa aina hii, alichukua dhahabu ya Olimpiki pale Roma 1960.