Krismasi ya kwanza baada ya msiba

Tulimzika mama mwezi wa kumi. Desemba ilipofika, mabasi ya Mwembe Tayari, hapa Mombasa, yakajaa watu wa kwenda bara na nauli ikapanda kama kawaida. Sisi tulibaki Kisauni. Pesa zilikwisha matangani, wala sikuona cha kusherehekea.

Kama nawe umefiwa mwaka huu, usijilazimishe kuchangamka. Soma Luka sura ya pili, polepole. Nyimbo na mapambo vimetuzoesha mno habari ile, hata hatuoni tena shida iliyomo: mja mzito yuko safarini kwa sababu ya amri ya serikali, nyumba ya wageni haina nafasi, mtoto analazwa horini. Waliopata habari kwanza ni wachungaji waliokuwa zamu ya usiku. Hao kwetu ndio mabawabu, wauguzi, na vijana wa bandarini wanaoingia kazini jua likizama. Malaika aliwakuta kazini, hakungoja wapumzike.

Yohana naye hasemi giza limeondoka. Anasema, “Nayo nuru yang’aa gizani, wala giza halikuiweza.” Mstari huo ndio ulionishika mkono, kwa sababu giza langu lilikuwepo bado.

Hapa Mombasa tuna aliyeyaishi hayo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na binti yao mchanga. Hakufunga virago. Mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walianzisha misheni Rabai, karibu na Mombasa, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Sisi Wakatoliki hatumtaji sana, lakini mimi humkumbuka kila Krismasi.

Halafu nenda misa ya mkesha, hata kama sauti haitoki. Parokiani kwetu pango hujengwa kwa makuti, na hori hubaki tupu mpaka padri alete sanamu ya Mtoto Yesu. Nilikaa benchi la nyuma, machozi yakinitoka, wenzangu wakaniimbia sehemu yangu. Kuna siku imani hubebwa na jumuiya nzima, na hakuna aibu katika hilo.

Asubuhi jirani yangu Mwislamu alibisha hodi na sahani ya mahamri na mbaazi za nazi, imefunikwa kawa. “Leo sikukuu yenu,” akasema, “na najua hukupika.” Mungu alinifikia kwa mlango huo pia. Kwa hiyo mtu akija, mfungulie.

Na wewe ambaye nyumba yako ni nzima mwaka huu, mtembelee mfiwa kabla ya tarehe 25. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu. Hayo ameshaambiwa na kila mtu. Mtaje marehemu kwa jina, muulize alipenda kupika nini Krismasi, kisha ingia jikoni umsaidie kuosha vyombo.